Anti, shoga yangu analipwa kwa kuangalia video, na mimi niingie?

Shikamoo Anti, pole na majukumu. Naomba jina langu usiliweke, niite tu Mama Wawili wa Morogoro maana huku tunajuana wote.

Anti mimi nipo steshenari, sio yangu nimeajiriwa, nachapa, naprinti, natoa kopi, napiga lamineshini, mwisho wa mwezi napewa laki na nusu. Mume wangu ana bodaboda ya mkataba, kuna siku analeta kuna siku anarudi na stori tu. Sasa pale dukani asubuhi wateja wapo na jioni wanafunzi wakitoka shule wapo, ila kuanzia saa sita mpaka saa tisa mchana naweza kukaa hata mtu mmoja asiulize bei ya peni, niko mimi na feni na simu yangu. Ndo nikasema huu muda si niutumie nipate hata elfu hamsini kwa mwezi huko mtandaoni, ya mboga na nauli ya watoto, sitafuti utajiri.

Nimejaribu vitu vingi. Nilianza na yale maswali yanayokuja kwa meseji, ya GeoPoll, nikajibu, vocha ikaingia kweli, ndogo lakini ikaingia, ila wakikaa kimya wanakaa kimya mpaka unasahau. Nikaangalia video moja ya "apu kumi zinazolipa dola ukiwa umelala", nikapakua Swagbucks ikakataa, kijana mmoja wa chuo akaniambia niweke VPN nijifanye niko Marekani, au nimpe elfu ishirini aniuzie akaunti iliyokwisha kuthibitishwa. Sijampa bado. Halafu kuna zile linki za zawadi, hizo nimejaza sana Anti siwezi kukuficha, kuna moja niliweka mpaka namba ya NIDA, nyingine ilisema nisambaze kwa magrupu 15 nipate GB 50, nikasambaza mpaka grupu la kwaya, bando halijaja mpaka leo na mwenyekiti wa kwaya ananiangalia vibaya.

Sasa kilichonileta ni hiki. Shoga yangu ameingia kwenye apu moja ya kuangalia matangazo, unalipa 60,000 unakuwa VIP 1, kila siku unaangalia video tano unalaiki, unapata 2,000. Yeye ametoa hela mara mbili na meseji ya muamala nimeiona kwa macho yangu, sio ya kuhadithiwa. Anataka apande VIP 3 ambayo ni 360,000. Akiniingiza mimi anapata asilimia kumi, hilo kaniambia mwenyewe hajanificha. Mimi 60,000 sina, ila ni mweka hazina wa kikoba chetu, sanduku funguo zake wanazo watu watatu kama kawaida, ila hela ya mfuko wa jamii tuliyochanga juzi bado iko kwenye simu yangu. Nawaza niichukue niirudishe kabla ya kikao, bado wiki mbili. Nishauri Anti, na kama kuna kitu cha kweli cha kufanya kwa simu niambie, maana kukaa bure kunauma.

Mama Wawili, Morogoro

*

Marahaba mwanangu.

Tuanze na hela ya kikoba maana hiyo ndo ina moto. Hapana. Usiiguse, na leo leo ukimaliza kusoma hapa mpigie mwenyekiti wenu mwambie hela ya mfuko wa jamii iko kwenye simu yako, mkubaliane inaingiaje kwenye sanduku au akaunti ya kikundi, isilale kwako tena. Na sikwambii hivyo kwa sababu nakuona mwizi, wala. Nakwambia kwa sababu hesabu yako mwenyewe imekataa: kwa siku 2,000, wiki mbili ni 28,000. Kikao kikifika una pungufu ya 32,000 hata kama hiyo apu ni ya malaika watupu. Kurudisha 60,000 tu unahitaji mwezi mzima bila kuruka siku, na bando la kuangalizia hizo video hujalihesabu. Sasa akina mama wenzako wakifungua daftari siku hiyo, na katikati yenu kuna aliyefiwa anasubiri rambirambi yake itoke humo, utasemaje, utasema VIP 1?

Haya, tuje kwenye apu yenyewe. Jiulize swali moja tu, hiyo 2,000 inatoka wapi. Mwenye tangazo gani hapa duniani anamlipa mtu 400 kwa kuangalia video moja? Angalia YouTube, ambayo hela za matangazo wanazo kweli kweli: anayelipwa ni mwenye video, mtazamaji hapewi hata shilingi, na huyo mwenye video ili aanze kugawiwa hela za matangazo anatakiwa awe na wafuatiliaji 1,000 na masaa 4,000 ya kutazamwa ndani ya mwaka, halafu hela yenyewe haitoki mpaka ifike dola 100. Kuna vijana wana chaneli miaka na hawajazifikisha. Sasa hawa wa shoga yako wamepata wapi utajiri wa kumlipa mtazamaji, tena mtazamaji ambaye anaminya laiki huku anakoroga uji, na kwa nini wanaanza kwa kumchukulia yeye 60,000? Mwajiri gani anakupa kazi kwa sharti umlipe kwanza?

Hela inatoka kwa anayeingia nyuma. Ya shoga yako imetoka kwa waliolipa baada yake, na yako ingeenda kumlipa mwingine na kipande kikabaki kwake, hiyo asilimia kumi. Ndo maana ametoa mara mbili. Kile kidogo wanachokulipa mwanzoni ndo gharama yao ya biashara, maana meseji ya muamala unayoonyeshwa na rafiki yako unaiamini kuliko bango la barabarani. Na ona walipomfikisha sasa hivi, VIP 3, 360,000, yaani vile vidogo alivyotoa vinarudi walikotoka na anaongeza vya kwake juu. Ikifika hapo huwa inaanza hadithi nyingine: mfumo unaboreshwa, lipa kodi ndo utoe, lipa ya kufungua akaunti, halafu admini anafunga grupu watu wasiandike, halafu apu haifunguki.

Na faida yenyewe ikokotoe. Kurudisha 60,000 kwa siku 30 na kuendelea kula ni asilimia mia kwa mwezi. Walioweka UTT, ile mifuko ya uwekezaji wa pamoja, wanafurahia ile ya kama asilimia 12, kwa MWAKA, hatifungani za muda mrefu za serikali, yaani unaikopesha serikali, zimewahi kutoa kama asilimia 15, kwa mwaka vilevile, na watu wanaona wamepata. Mtu anayeweza kuzalisha mia kwa mwezi hahitaji 60,000 ya mama wa steshenari, angeenda benki akope yake afunge mdomo.

Sisi hapa si wageni wa mambo haya. Wakubwa mnaikumbuka DECI, 2009, "kupanda mbegu", yaani unaweka hela ukiahidiwa kuvuna zaidi, watu waliuza mpaka mabati, viongozi wake wakaishia mahakama ya Kisutu kwa kosa la kuendesha upatu, ndo huu wa kulipana kwa hela za wanaoingia nyuma. Ikaja Kalynda 2022, hiyo ilikuja na sura ya duka la mtandaoni. Februari 2025 polisi wakakamata watu wa LBL kwa tuhuma za upatu wa mtandaoni, na pale shughuli ilikuwa hii hii ya kulipia daraja halafu unaangalia matangazo ya filamu. Mbegu, duka, filamu, kila mara wanabadilisha kanga tu. Na usidhani ni sisi tu ndo tunapigwa, Marekani ile tume yao inayolinda wateja, FTC, ilipokea malalamiko kama 20,000 ya kazi za kubonyeza na kulaiki katika nusu ya kwanza ya 2024, wakati mwaka mzima wa 2023 yalikuwa kama 5,000.

Shoga yako usigombane naye. Mwambie tu "best, wewe leo toa chote kilichomo, usiache hata jero, ikikubali kutoka tutaongea". Kama itakataa au ikamwambia aongeze ndo atoe, jibu atakuwa amelipata kwa mkono wake na wewe hujasema neno. Ila hiyo 360,000 mzuie kwa nguvu zote, muulize anaitoa wapi, maana mara nyingi huwa inatoka kwenye mkopo wa kausha damu, ule wa riba ya kukunyonya, na hapo anakuwa amekamatwa huku na huku.

Linki za zawadi sasa. Mwanangu ulichokipeleka huko ni kingi kuliko GB 50. Piga *106# uangalie laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA yako, ukikuta namba usiyoijua nenda duka la mtandao husika na kitambulisho chako waifute, usingoje, maana laini hiyo siku moja itatuma zile za "ile hela tuma kwenye namba hii" na jina litakalotokea ni lako. Kama kwenye hizo fomu uliweka namba ya siri ya kutolea hela, ibadilishe kabla hujalala. WhatsApp ingia kwenye mipangilio uweke uthibitishaji wa hatua mbili, na zile tarakimu sita zikija kwa meseji usimpe mtu hata akikwambia ni wa grupu la kwaya na amekosea kutuma. Meseji za kitapeli zinapokuja zipeleke 15040. Na kwenye kwaya andika mstari mmoja, "ile linki niliyotuma msiifungue na aliyejaza abadilishe namba za siri", mwenyekiti atapoa.

Vya bure vya kweli vipo ila havina kelele. Una watoto wa shule, Taasisi ya Elimu wana maktaba mtandao yao, vitabu vya kiada vya shule viko mle bure, unasoma kwenye simu, ukijua mzazi ananunua kitabu cha nakala mbovu pale stendi unasikitika. GeoPoll endelea nayo, kwa sababu ile inakuuliza maswali na haikuombi hela, na ikinyamaza inyamaze, ihesabu kama vocha ya kuokota tu. Kitonga, yaani cha bure, kikiwa cha kweli huwa ni kidogo namna hiyo.

Zile apu za dola wala usijisumbue, na yule kijana wa chuo akupishe. Swagbucks ni ya nchi chache kama Marekani, Uingereza na Kanada, sisi hatumo. Prolific, ambayo watu wanaisifia sana kwa utafiti, nayo sisi hatumo. Ukiingia kwa VPN utajibu maswali wiki tatu, siku ya kutoa hela wanaomba kitambulisho na anwani, unabaki unaangalia salio kama picha ukutani. Akaunti ya kununua ndo mbaya zaidi, jina la mtu mwingine, kitambulisho cha mtu mwingine, hela ikijaa mwenyewe anaibadilisha nywila na huna pa kumshtaki. Na hata zile kazi ndogondogo za kweli, za kufundisha kompyuta kwa kuchora visanduku kwenye picha na kuandika maelezo, hazina mwenyewe: Kenya vijana wengi walikuwa wanakula kupitia Remotasks, Machi 2024 wakafungiwa ghafla, nchi nzima, wakabaki wanashikana mashati. Kama siku ukipata moja inayokubali Tanzania na inalipa, fanya, ila ada ya shule usiiweke juu yake.

Sasa nikwambie nilichokiona kwenye barua yako ambacho wewe umekipita haraka haraka. Umesema unachapa. Mwanangu, nusu ya watu wanaotafuta hela mtandaoni hawana ujuzi wowote wa kuuza, ndo maana wanauza macho yao kwa video. Wewe una vidole. Na wenye shida na vidole vyako wako kwenye simu yako tayari.

Walimu. Unajua mwenyewe wanavyokuja na mtihani wameandika kwa mkono kwenye karatasi ya mistari, pembeni pana michoro ya jongoo na pembetatu, wanataka upesi na wao wako kwenye kipindi hawawezi kutoka. Mwalimu akipiga picha hizo karatasi akakutumia WhatsApp, wewe ukachapa ukamrudishia faili, umemwokolea safari mbili za bodaboda. Halafu kuna vijana waliomaliza vyuo wanahangaika na sivii na barua za kuambatanisha kwenye mfumo wa ajira wa serikali. Yakitoka matokeo na uchaguzi wa kidato cha tano, wazazi wanatafuta fomu za kujiunga kwenye tovuti ya TAMISEMI na hawajui hata pa kubonyeza, wewe unaishusha kwa dakika mbili unamtumia. Wakifungua dirisha la Bodi ya Mikopo ndo kabisa, kuna uhakiki wa cheti cha kuzaliwa RITA, kuna fomu ya mdhamini, mtoto wa kijijini akikosea namba moja anaweza kupoteza mwaka. Hiyo kazi inafanyika kwa simu, muda wowote, na mteja anaweza kuwa Kilosa au Ifakara wala hujawahi kumuona.

Kama huna laptopu, sawa. Tafuta waya wa OTG, ule mfupi, kichwa kimoja kinaingia kwenye simu kingine kinapokea USB, kwa mafundi simu upo na ni bei ya kawaida tu. Kibodi ya kompyuta kuukuu unaichomeka pale, simu nyingi za Android zinaikubali bila kuweka kitu chochote, simu unaiegemeza kwenye kikombe, Google Docs ni bure na inaandika hata ukiwa umezima data. Utaona ajabu kidogo siku ya kwanza, kioo kidogo kibodi kubwa, ila kwa mtu anayechapa bila kuangalia vidole inakwenda. Majedwali ndo yanasumbua kwenye simu, na michoro, hivyo viache utakapokuwa kwenye kompyuta ya dukani.

Hapo kwenye kompyuta ya dukani tuongee vizuri. Saa zile ni za bosi, umeme ni wa bosi, na mteja aliyeingia mlangoni ni wa bosi, huyo usimvute pembeni ukampa namba yako, hilo litajulikana na utapoteza hiyo laki na nusu kwa ajili ya kurasa tatu. Mwendee umwambie: bosi, nataka kupokea kazi za kuchapa kwa WhatsApp, nitazichapa kwangu usiku na huku mchana pakiwa kimya ukiniruhusu, kuprinti na kutoa kopi zote zinakuja dukani kwako. Mtihani wa darasa la wanafunzi sitini, kurasa nne, kopi zake ni 240, hiyo ni hela inayoingia kwake ambayo isingeingia. Atakataaje? Na kama atataka fungu kwenye zile unazochapa mchana, mpe, mpatane mapema na muandike.

Tangazo usihangaike nalo, weka stetasi. Usiandike "nachapa kazi zote kwa bei nafuu", hiyo kila mtu anaipita. Weka picha mbili, ya kwanza karatasi iliyoandikwa kwa mkono (yako mwenyewe uliyoitunga, sio ya mteja), ya pili hiyo hiyo ikiwa imechapwa imenyooka, chini andika bei ya ukurasa na "natuma ndani ya siku moja". Walimu wana magrupu yao ya shule na ya kata, mmoja akiridhika umeingia kote bila kuomba linki. Mitihani ikaribiapo, Mei na Novemba, utakosa usingizi, miezi mingine patakuwa kimya, kwa hiyo hiyo elfu hamsini usiitegemee ije sawa kila mwezi. Kwa bei ya buku kwa ukurasa ni kurasa hamsini, kama kumi na mbili kwa wiki, mtu wa kasi yako anazimaliza jioni mbili. Siku unaanza zinaweza zisifike ishirini na si ajabu.

Mambo mawili ya kazi yenyewe. Mtihani ni siri, hata wa darasa la tatu, simu iwe na nywila, watoto wako wasichezee gemu kwenye simu yenye mtihani wa shule yao, ukishatuma na mwalimu akithibitisha amepokea, futa. Siku mtihani ukivuja na ukasemekana umetokea kwako, walimu wote wa kata wanaondoka kwa pamoja.

Na hela, mwanangu, walimu ni watu wazuri lakini "nitakutumia mshahara ukitoka" ni wimbo wao wa taifa. Ukimaliza kuchapa piga picha ya skrini ukurasa wa kwanza tu, umtumie aone kazi imekamilika, hela ikiingia ndo faili zima linaondoka. Kwa yule wa siku zote unaweza kumkopesha, ila uwe na daftari, jina, tarehe, kurasa, na akifikisha kurasa kumi hajalipa unasimama hapo mpaka alipe.